Maandishi Katika Ramani

Katika shule nyingi za Kenya mwanafunzi wa jiografia hupewa ramani ya nchi iliyochorwa kwa skeli ya 1:50,000. Maana ya tarakimu hizo huelezwa mapema: kila sentimita moja juu ya karatasi ni sawa na sentimita elfu hamsini, yaani nusu kilomita, juu ya ardhi. Kwa hesabu hiyo mlima, mto na mji mzima huweza kukaa juu ya meza. Mwanafunzi hupima umbali kwa uzi au kwa ukingo wa karatasi, akazidisha, akapata jibu, kisha akaendelea na swali jingine. Ni wachache wanaotua kidogo na kujiuliza juu ya jambo lililo mbele ya macho yao siku zote, nalo ni hili: je, majina ya miji na mito yaliyoandikwa juu ya ramani ile, nayo yana skeli gani?

Tuchukue herufi moja yenye kimo cha milimita mbili na nusu. Kama herufi hiyo ingepimwa kwa sheria ile ile ipimayo mito na barabara, ingekuwa na kimo cha mita 125. Jengo la KICC lililoko Nairobi, ambalo mgeni huliona akiwa bado mbali na mji, lina mita 105 tu. Basi herufi yetu ndogo ingelipita jengo hilo kwa mita 20. Bila shaka hakuna shamba lililosimamishwa herufi za namna hiyo. Herufi ile haikupunguzwa kutoka kitu kikubwa kilichopo nchini. Iliandikwa kwa kadiri ya jicho la msomaji, na jicho la mtu halibadiliki kwa sababu nchi imechorwa ndogo.

Kwa hiyo kila ramani, iwe ya nchi, ya nyumba au ya chombo cha mashine, ina sheria mbili ndani yake. Iko sheria ya kitu kinachochorwa, ambacho hupungua au kukua kwa kufuata skeli. Tena iko sheria ya maandishi, ya tarakimu za vipimo, na ya vile vichwa vya mishale vinavyoonyesha kipimo kimeanzia wapi na kimeishia wapi. Hivi vyote havifuati skeli, maana ni maneno ya mchoraji kwa msomaji wake. Historia ya kazi ya kuchora ramani ni, kwa sehemu kubwa, historia ya watu waliojaribu kuzipatanisha sheria hizo mbili juu ya karatasi moja. Safari hiyo ilianza kabla ya karatasi kuwako, na imefika hata kwenye kompyuta.

Ujenzi wenyewe waweza kufanyika bila skeli yoyote. Mafundi wa pwani yetu walijenga nyumba za mawe, ambazo nyingine zingali zimesimama katika mji wa Lamu, kwa vipimo walivyovichukua mwilini mwao: shibiri, mkono na pima. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, ndiyo sababu vyumba vile ni virefu lakini ni vyembamba. Fundi aliyesimama kiwanjani, mwenye boriti mkononi na mwenye nyumba kando yake, aliweza kuonyesha kila kitu kwa ukubwa wake halisi. Skeli huhitajiwa pale anayefikiri jengo na anayelijenga wanapokuwa watu wawili walio mbali. Hapo wazo la mmoja hulazimika kusafiri hadi kwa mwingine, na chombo chake cha kusafiria ni mchoro mdogo.

Mmoja wa michoro ya kale ya namna hiyo tunaoujua umo mapajani mwa mtu wa jiwe. Gudea alikuwa mtawala wa Lagash, katika nchi ambayo leo ni kusini mwa Iraki, zaidi ya miaka 2100 kabla ya Kristo. Sanamu yake, iliyochimbuliwa mahali paitwapo Tello na ambayo sasa imewekwa katika jumba la makumbusho la Louvre mjini Paris, haina kichwa, lakini mikono na mapaja yamesalia. Juu ya mapaja kuna bamba lililochorwa ukuta wa uwanja mtakatifu, pamoja na malango yake, kama unavyoonekana kutoka juu. Kando ya mchoro kuna kalamu, na kuna rula iliyogawanywa kwa alama ndogo. Maandishi marefu yanayosimulia ujenzi wa hekalu la mungu Ningirsu yamechongwa mwilini mwa sanamu. Tazama jinsi vitu hivi vilivyowekwa pamoja: mchoro, kipimo na maneno. Mtawala yule alitaka watu wa baadaye wajue kwamba jengo lake lilipimwa kabla halijajengwa.

Warumi walikwenda mbali zaidi. Wakati wa utawala wa Kaisari Septimius Severus, kati ya mwaka 203 na 211 baada ya Kristo, walichonga ramani ya mji wao mzima juu ya mabamba 150 ya marumaru, wakayabandika ukutani. Ramani hiyo ilikuwa na upana wa mita 18 hivi na kimo cha mita 13, na skeli yake ilikuwa karibu 1:240. Nyumba, maduka, ngazi na nguzo zilionyeshwa, na majengo makubwa yaliandikwa majina yao. Vipande vyake vilianza kupatikana tena mwaka 1562, na vilivyosalia ni sehemu ndogo tu ya ramani yote. Lakini hebu msomaji asimame kwa mawazo chini ya ukuta ule. Jina lililochongwa karibu na sakafu laweza kusomeka. Lililochongwa juu, mita kumi na zaidi kutoka ardhini, lingesomwa na nani? Mchongaji aliishughulikia sheria ya kwanza kwa uhodari mkubwa, nao mji ukapunguzwa vizuri. Sheria ya pili haikupata heshima hiyo. Huenda ramani ile ilikusudiwa kutukuza mji kuliko kuongoza wageni.

Mfano ulio na mafunzo mengi zaidi watoka Ulaya, karne ya tisa. Katika maktaba ya monasteri ya zamani ya Mtakatifu Gall, nchini Uswisi, kuna ramani ya ngozi iliyotengenezwa kwa vipande vitano vilivyoshonwa pamoja, yenye urefu wa sentimita 112 hivi na upana wa sentimita 77 hivi. Ilichorwa kwa ajili ya Gozbert, aliyekuwa mkuu wa monasteri hiyo tangu mwaka 816 hadi 837. Inaonyesha mji mdogo wa watawa: kanisa, mabweni, jiko, hospitali, shule, bustani ya dawa, mazizi ya wanyama, na hata mabanda ya kuku. Mistari imechorwa kwa wino mwekundu, na maelezo zaidi ya mia tatu yameandikwa kwa Kilatini ili kueleza kila chumba ni cha kazi gani. Bila maelezo hayo tungeona miraba mitupu, tusiweze kutenga ghala na zizi.

Sasa hapa pana fumbo. Ndani ya mchoro wa kanisa pameandikwa vipimo kwa futi. Upana wa ukumbi wa kati umetajwa kuwa futi 40, na urefu wa kanisa lote umetajwa kuwa futi 200. Lakini ukichukua upana ule wa futi 40 kuwa ndio kweli, kisha ukapima urefu uliochorwa kwa kadiri hiyo hiyo, hupati futi 200. Wapata karibu futi 300. Mchoro wasema neno moja, na tarakimu zasema neno jingine. Wataalamu wamejadiliana juu ya tofauti hii kwa muda mrefu sana. Wako wanaofikiri kwamba mchoro ulikuwa umekwisha kukamilika ndipo amri ikaja ya kupunguza ukubwa wa kanisa, basi mwandishi akabadilisha tarakimu pasipo kuchora upya. Wako wengine wanaotoa sababu nyingine. Kanisa halikupata kujengwa kama lilivyochorwa, kwa hiyo hakuna ukuta wa kutuamulia.

Hata hivyo fumbo lile latufundisha jambo ambalo kila fundi wa leo analijua. Mchoro na tarakimu vikigombana, lazima kimoja kiwe na neno la mwisho, na kwa desturi ya kazi neno hilo limepewa tarakimu. Mwanadamu aliyeandika "futi 200" alikuwa na nia. Mstari uliorefuka waweza kuwa umerefuka kwa bahati mbaya tu. Ndiyo maana katika ramani nyingi za ujenzi limeandikwa onyo kwamba fundi asipime mchoro kwa rula, bali afuate vipimo vilivyoandikwa. Onyo hilo fupi limeokoa kuta nyingi.

Ramani ya Mtakatifu Gall ina kisa kingine kinachofaa kutajwa. Karne nyingi baada ya kuchorwa, mtawa mmoja aliikunja mfano wa kitabu, akautumia upande wake wa nyuma kuandika maisha ya Mtakatifu Martin. Nafasi ilipokwisha kabla ya hadithi kwisha, aligeukia upande wa mbele, akalikwangua jengo moja zima lililokuwa pembeni, akaandika mwisho wa hadithi yake mahali pake. Hivi ndivyo maandishi yalivyokula nyumba. Jambo hili lachekesha, lakini kila mchoraji amelionja kwa namna yake, kwa kuwa maneno na mistari hugombea nafasi moja, na karatasi haiongezeki.

Tuje sasa kwenye vyumba vya wachoraji wa karne ya 19 na ya 20, katika zama za reli, meli za chuma na viwanda. Mchoraji alisimama mbele ya meza iliyoinama, mwenye kalamu ya wino na rula ndefu ya kuongoza mistari. Mkononi alikuwa na rula ya pande tatu, ambayo kila ukingo wake ulikuwa na skeli yake. Kwa ukingo wa 1:100 alipima ukuta wa mita nne, na mkono wake ukachora sentimita nne. Lakini alipofika mahali pa kuandika, aliiweka rula hiyo kando. Alichora mistari miwili myepesi ya penseli, yenye nafasi ya kutosha jicho, akaandika herufi zake katikati. Hakuhesabu wala hakuzidisha. Nyumba ikiwa ya 1:100 au ya 1:20, herufi zake zilikuwa zile zile. Mkono wake ulizitii sheria zote mbili pasipo kuambiwa kwamba ni mbili.

Taabu ilianza ramani ilipohitajika kunakiliwa. Mwaka 1842 mwanasayansi Mwingereza John Herschel alivumbua njia ya kupiga chapa kwa mwanga wa jua juu ya karatasi yenye dawa, na baadaye njia hiyo ikatumika kutengeneza zile ramani za buluu zenye mistari myeupe. Karatasi angavu yenye mchoro ililazwa juu ya karatasi yenye dawa, kwa hiyo nakala ilitoka na ukubwa ule ule wa asili. Lakini ilibidi kuioshwa kwa maji na kukaushwa, na karatasi iliyolowa na kukauka hujikunja na kupungua kidogo. Mstari uliokuwa sentimita kumi haukuwa tena sentimita kumi kamili. Tarakimu iliyoandikwa juu yake, hata hivyo, haikunyauka. Hii ni sababu nyingine ya lile onyo la kutopima kwa rula.

Katikati ya karne ya 20 desturi nyingine ilienea, ya kupiga ramani picha ndogo sana za filamu ili zihifadhiwe mahali padogo, kisha zikuzwe zinapotakiwa. Hapo ukubwa wa herufi uligeuka kuwa jambo la sheria za mataifa. Herufi iliyo ndogo mno ilipotea ndani ya filamu, na iliyobanana ilijaa wino. Yalihitajika makubaliano juu ya kimo cha herufi na unene wa mistari yake, ili ramani iweze kupunguzwa na kukuzwa bila kupoteza maneno yake.

Makubaliano hayo yaliegemea juu ya wazo zuri la karatasi yenyewe. Mwaka 1786 mwanachuoni Mjerumani Georg Christoph Lichtenberg alieleza katika barua jinsi karatasi yaweza kukatwa kwa umbo ambalo, ukiikunja katikati, nusu yake huwa na umbo lile lile. Kwa karatasi kama hiyo upande mrefu ni kama mara 1.414 ya upande mfupi. Mwaka 1922 Ujerumani ililifanya wazo hilo kuwa kipimo rasmi, kwa kazi ya Walter Porstmann, na siku hizi nchi nyingi zinalifuata, Kenya ikiwa mojawapo. Karatasi iitwayo A0 ina eneo la mita moja ya mraba. Ikikatwa nusu huwa A1, na kuendelea hivyo hadi A4 ambayo mwanafunzi huiandikia mitihani yake. Vimo vya herufi za michoro vilipangwa kwa hesabu ile ile: milimita 2.5, 3.5, 5, 7, 10, 14 na 20. Kila kimo ni karibu mara 1.4 ya kile kilichotangulia. Kwa hiyo mchoro wa A0 ukipunguzwa ukawa A1, herufi ya milimita 5 huwa ya 3.5, nayo ni kimo kilichomo katika orodha. Ukipunguzwa tena ukawa A2, huwa ya 2.5. Herufi hushuka ngazi kwa ngazi, pasipo kuanguka.

Lakini angalia vizuri. Katika kupunguza karatasi nzima, nyumba na herufi zimeshuka pamoja, na neno moja limegeuka kuwa uongo. Tuseme ramani ya A1 imeandikwa "1:100", na ukuta wa mita nne umechorwa kwa milimita 40. Karani akaipunguza hadi A3 ili ienee katika mashine ya ofisi. Sasa ukuta una milimita 20 tu, lakini maneno "1:100" yangaliko pale pale. Mwashi akiyaamini maneno hayo na kupima kwa rula, atajenga chumba cha mita mbili mahali palipotakiwa mita nne. Tarakimu "4000" iliyoandikwa kando ya ukuta, yaani milimita elfu nne, ndiyo itakayomwokoa, ikiwa bado inasomeka. Pia ule mstari mdogo wa kipimo uliogawanywa, unaochorwa chini ya ramani, humsaidia, maana hupungua pamoja na ramani na hivyo huendelea kusema kweli. Mwanafunzi aliyepewa nakala ya ramani iliyopunguzwa aukumbuke mstari huo.

Sasa tumefika kwenye kompyuta. Mnamo Januari 1963 kijana mmoja aitwaye Ivan Sutherland, wa chuo cha MIT nchini Marekani, alikabidhi tasnifu yake juu ya programu aliyoiita Sketchpad. Kwa kalamu ya mwanga aliweza kuchora mistari juu ya kioo cha kompyuta kubwa iitwayo TX-2, kuikuza, kuipunguza na kuigeuza. Jambo kuu halikuwa kioo kile. Jambo kuu lilikuwa kwamba mchoro haukukaa tena juu ya kitu chochote chenye upana na urefu. Ulikaa ndani ya mashine kama hesabu tupu. Kwa mara ya kwanza ramani ilikuwa haina karatasi.

Miaka iliyofuata kazi hiyo ilifanywa na kompyuta za bei kubwa katika viwanda vya ndege na magari. Mwaka 1982 John Walker na wenzake walianzisha kampuni ya Autodesk huko Marekani, na mwaka huo huo wakatoa programu ya AutoCAD iliyoweza kutumika katika kompyuta ndogo za mezani. Ndipo wachoraji wa ofisi ndogo walipoanza, mmoja baada ya mwingine, kuziacha meza zao zilizoinama.

Katika programu hiyo mchoraji alifundishwa kuchora kila kitu kwa ukubwa wake halisi. Ukuta wa milimita 4000 uliandikwa kuwa 4000. Hapakuwa na haja ya kugawanya, kwa kuwa mashine haina ukingo wa karatasi. Skeli ilingoja hadi saa ya kupiga chapa. Kwa nyumba hii ilikuwa ni faraja kubwa. Kwa maandishi ilikuwa ni balaa. Mchoraji aliyeandika jina la chumba kwa kimo cha milimita 2.5, kama mkono wake ulivyozoea, alipata doa lisiloonekana, maana ndani ya nyumba ya ukubwa halisi herufi ile ilikuwa ndogo kuliko punje ya mchele. Ili isomeke baada ya kupigwa chapa kwa 1:100, ilimpasa kuiandika kwa kimo cha milimita 250. Vichwa vya mishale navyo, na nafasi kati ya mstari na tarakimu, vyote vilipaswa kuzidishwa kwa 100. Sakafuni mwa nyumba ile ya hesabu zililala herufi za majitu.

Kuzidisha kwa 100 si kazi ngumu. Ugumu ulitokea mawazo yalipobadilika, na katika ujenzi mawazo hubadilika kila juma. Ramani iliyotayarishwa kwa 1:100 ikitakiwa kwa 1:50, herufi zile za 250 zilitoka na kimo cha milimita 5, zikajaa vyumbani na kufunika milango. Ikitakiwa kwa 1:200, zilitoka na milimita 1.25, zikawa kama nyayo za sisimizi. Tena karatasi moja mara nyingi hubeba skeli zaidi ya moja: nyumba yote kwa 1:100, na pembe ya dirisha kwa 1:10. Kwa nyumba zilihitajika herufi za milimita 250, na kwa dirisha za 25, ingawa machoni pa msomaji zote zilitakiwa zilingane. Mkono wa mchoraji wa zamani ulilifanya jambo hili pasipo kufikiri. Mchoraji mpya alihitaji jedwali la hesabu kando yake.

Ilikuwako hatari kubwa zaidi. Kompyuta inaweza kuupima yenyewe mstari uliochorwa na kuandika tarakimu yake. Mtu asiye na uzoefu, akiona maandishi ni madogo, aliweza kuiamuru mashine iukuze mchoro wote mara mbili. Herufi zilikua kweli. Lakini ukuta nao ulikua, na mashine, kwa utiifu wake, ikaupima upya na kuandika 8000 mahali pa 4000. Mtawa wa Mtakatifu Gall aliacha mchoro na tarakimu zisizokubaliana, na kwa kutokubaliana huko twapata habari kwamba pana kosa. Mashine ilivipatanisha vyote viwili katika kosa moja, na kosa lisilo na shahidi ni gumu kugunduliwa.

Dawa ilipatikana kwa kurudi kwenye karatasi. Mwaka 1990, katika toleo la 11 la programu ile, uliingizwa mpango wa kutenga mahali pawili. Mahali pa kwanza pana kitu chenyewe, kwa ukubwa wake halisi. Mahali pa pili pana karatasi ya mfano, yenye ukubwa wa karatasi ya kweli, iliyotobolewa madirisha. Kupitia kila dirisha kitu kile huonekana kwa skeli yake, hapa 1:100, pale 1:10. Jina la mchoro na maelezo yake huandikwa juu ya karatasi yenyewe, kwa milimita 2.5 ambazo ni 2.5 kweli. Kisha, katika toleo lililotoka mwaka 2007, herufi na vipimo vilipewa uwezo wa kukumbuka kimo chake cha karatasini. Mchoraji hutaja kimo anachotaka kionekane na skeli zitakazotumika, na programu huzidisha yenyewe kwa kila skeli.

Kwa ufupi, tangu mwaka 1963 hadi 2007, miaka arobaini na minne, watu wenye akili nyingi walifanya kazi ili mashine ijifunze jambo lililokuwa mkononi mwa kila mchoraji aliyeiweka rula ya skeli kando kabla ya kuandika. Si haki kuwacheka. Mara nyingi twagundua kwamba tulikuwa na maarifa fulani pale tu tunapotakiwa kumweleza mtu asiyeyajua, na hakuna mwanafunzi asiyejua kitu kama mashine. Mkono hufanya, mashine hutaka kuambiwa. Katika kuiambia, wachoraji wenyewe waliitambua waziwazi ile sheria ya pili waliyokuwa wakiitii kwa mazoea.

Leo mwashi aweza kupokea ramani ndani ya simu yake na kuikuza kwa vidole viwili. Juu ya kioo kile maneno "1:100" hayana maana yoyote, kwa kuwa ukubwa wa mchoro hubadilika kila vidole vinapoguswa. Vitu vinavyobaki na uaminifu wao ni viwili: mstari wa kipimo unaokua na kupungua pamoja na nyumba, na tarakimu iliyoandikwa kwa herufi inayosomeka. Wahenga wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nyumba nayo ni mali, na daftari lake ni vile vipimo vidogo vilivyoandikwa kando ya kuta.

Basi, msomaji, utakapopewa kazi ya kuchora ramani, iwe ya kiwanja cha shule au ya daraja, kumbuka kwamba unatumikia mabwana wawili. Kipunguze kitu kwa haki, usipendelee upande mmoja wala mwingine. Kisha fikiri juu ya mtu ambaye hutamwona, atakayesimama juani na karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye vumbi la saruji, akitafuta tarakimu moja kabla ya kulaza tofali la kwanza. Andika kwa kadiri ya jicho lake.